UZI: Madaraja ya mizizi hai ya Meghalaya, India. Kufika, kuvuka, na namna yanavyokuzwa

Ngazi_Elfu

Wakuu, kila baada ya muda kuna mtu anatupia picha ya lile daraja la ghorofa mbili na kuuliza kama ni la kweli au ni kazi ya kompyuta. Ni la kweli. Lipo kijiji cha Nongriat, chini ya mji wa Sohra (ramani nyingi bado zinaandika Cherrapunji), jimbo la Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India. Wakhasi, wenyeji wa milima hiyo, huyaita madaraja haya ya mizizi hai jingkieng jri, na yapo kwenye vijiji zaidi ya 70 vya miteremko ya kusini, kwa Wakhasi na jirani zao wa milima ya Jaintia. Nafungua uzi ili maelezo yakae sehemu moja. Wa miti na wa ujenzi mtaongezea.

Njia ni hii. Unatua Guwahati, jimbo la Assam, kwa ndege ya ndani kutoka Delhi au Kolkata. Guwahati hadi Shillong ni kama kilomita 100 za barabara ya milimani, weka saa tatu, na zaidi malori yakibana. Gari za kuchangia ni Tata Sumo; haziondoki mpaka zijae, kwa hiyo wahi asubuhi. Shillong hadi Sohra ni kama kilomita 55, na Sumo zake zinapatikana upande wa soko la Iewduh. Kutoka Sohra unachukua teksi ya kushuka kona hadi kijiji cha Tyrna. Hapo lami imekwisha, kilichobaki ni miguu.

Kutoka Tyrna hadi Nongriat ni ngazi za zege zaidi ya 3,000. Kipande cha kwanza ndicho kikali, unashuka moja kwa moja kwenye korongo. Chini unavuka mito kwa madaraja mawili ya waya wa chuma, yale yanayonesa, halafu unapanda kidogo kuingia kijijini. Njiani kuna mchepuko wa daraja la Ritymmen, refu na la ghorofa moja. Wengi hulipita kwa haraka ya kuwahi la ghorofa mbili, na wanakosa, maana hapo ndipo utaona mizizi kwa karibu bila foleni ya wapiga picha. Kushuka ni saa moja na nusu hadi mbili kwa mtu wa kawaida, kupanda ni mbili hadi tatu.

Sasa linalowaumiza watu: saa ya India ni moja nchi nzima, na Meghalaya iko mashariki kabisa. Desemba jua linazama karibu saa kumi na nusu jioni. Mtu anatoka Shillong saa tatu asubuhi, anafika Tyrna mchana, anashuka, anaoga mtoni, akigeuka kupanda giza limeshaingia. Kama hulali Nongriat, hakikisha unaanza kupanda kabla ya saa saba na nusu mchana. Bora zaidi ulale. Kuna nyumba za wenyeji zenye vitanda vya kawaida na chakula cha jioni, na kesho yake unaendelea hadi maporomoko yanayoitwa Rainbow Falls, zaidi ya saa moja mbele.

---

Mvita_Asilia

Uzi mzuri. Naongeza upande wa karatasi, maana watu wa kwetu hukwama hapo.

Mkenya na Mtanzania wote wanaweza kuomba viza ya India kwa mtandao. Tumia tovuti ya serikali ya India tu. Zile zinazotangulia kwenye matokeo ya utafutaji mara nyingi ni za mawakala wanaoongeza bei yao. Meghalaya haidai kile kibali cha ndani kinachodaiwa na majimbo jirani kama Arunachal Pradesh, Nagaland na Mizoram, kwa hiyo usiuziwe "kibali cha Meghalaya" na yeyote.

Kadi ya homa ya manjano: ukitokea Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, India inaidai mlangoni. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa. Mtu aliyechanjwa juzi na kadi yake mpya mkononi anahesabiwa hana, na anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mtanzania naye abebe tu, hasa akipitia Nairobi au Entebbe.

Pesa taslimu toa Shillong, au Sohra ikishindikana. Nongriat hakuna mashine ya kutolea pesa, na mtandao wa simu unakuja na kuondoka.

---

FundiChuma

Swali la kitaalamu. Naona mitandaoni wanaandika "daraja hubeba watu 50". Hiyo namba imepimwaje? Na umri wa miaka 500, nao umetoka wapi?

---

Mkuyu_Mweusi

@FundiChuma namba ya 50 ichukue kama masimulizi, si kipimo. Hakuna madaraja mawili yanayofanana. Moja lina mizizi minene kama paja, jingine bado lina mizizi ya unene wa kifundo cha mkono na mianzi ndiyo inayobeba. Mlinzi wa daraja au kibao akisema wavuke wachache kwa zamu, fuata, maana anajua hali ya daraja lake mwaka huo.

Umri ni hivyo hivyo. Wakhasi hawakuwa na maandishi yao kabla ya wamisionari wa karne ya 19, kwa hiyo tarehe za kuanzishwa zimebaki vinywani. Kilichoandikwa ni kwamba Henry Yule, ofisa wa jeshi la Waingereza, aliyaeleza madaraja haya mwaka 1844, na yalikuwa tayari yanatumika. Kuhesabu pete za mti hakusaidii sana, kwa sababu daraja moja huwa na mizizi ya vizazi mbalimbali iliyoungana.

Mti wenyewe ni Ficus elastica. Ndiyo, huu huu mpira wa kwenye vyungu, wenye majani mazito yanayong'aa, uliopo kwenye kumbi za hoteli Dar na Nairobi. Kwao unakuwa pandikizi la mti, unaotoa mizizi ya hewani kutoka kwenye shina na matawi na kukumbatia miamba kando ya mto. Ni wa jamii ya mikuyu.

Hatua za ujenzi, kwa ufupi unaowezekana:

Kwanza mche unapandwa ukingoni, upande mmoja au pande zote mbili, juu kidogo ya alama ya mafuriko na mahali penye mwamba wa kushika. Hapo unasubiri miaka, mara nyingi kumi na zaidi, hadi mti utoe mizizi ya hewani ya kutosha. Halafu kinatengenezwa kiunzi cha mianzi kuvuka mto. Mizizi michanga, ile ambayo bado inapinda bila kuvunjika, inavutwa juu ya kiunzi, inasokotwa pamoja na kufungwa. Njia nyingine ni kupasua shina la mpopoo katikati, kulikomba ndani liwe mfereji, na kuulaza mzizi humo. Unyevu unabaki na ncha haikauki. Ukifika ng'ambo, ncha inafukiwa kwenye udongo kati ya mawe.

Ncha ikishika ardhi ndipo kazi inaanza kuonekana. Mzizi wa hewani wa jamii hii ukishapata udongo hujikaza wenyewe na kuanza kunenepa. Mizizi miwili ikikandamizana kwa muda, magome yake husuguana, tishu za ndani hukutana na kuwa kitu kimoja. Ndiyo maana ukitazama daraja kongwe huoni kamba zilizofungwa, unaona kimia cha mbao hai kisicho na mwanzo wala mwisho. Mianzi huoza haraka katika unyevu ule, kwa hiyo kiunzi kinabadilishwa kila baada ya miaka michache hadi mizizi ijitegemee. Matundu ya sakafu yanazibwa kwa mawe bapa, vipande vya mbao na udongo. Baada ya muda mizizi huyameza mawe. Kwa jumla ni miaka 15 hadi 30 kabla watu hawajavuka kwa uhakika.

---

FundiChuma

Nimekupata. Kwa hiyo kwa lugha yetu ni muundo unaoongezeka uwezo kadiri unavyozeeka, kinyume kabisa na chuma. Pale kwenye mvua kubwa waya wa chuma unaliwa na kutu na zege linapoteza msingi mafuriko yakifukua. Nini basi huua daraja la mizizi?

---

Mkuyu_Mweusi

Vitu kadhaa, na si vyote vya asili. Maporomoko ya ardhi yanayoondoa ukingo pamoja na mti mama. Gogo kubwa linaloletwa na mafuriko. Moto wa kusafishia mashamba ukiramba shina. Milipuko ya kupasua miamba ya barabara juu ya bonde.

Halafu kuna kuachwa. Kijiji kikipata daraja la chuma au barabara, hakuna tena anayepita kila asubuhi na kuuelekeza mzizi mmoja mchanga kwenye nafasi yake. Daraja la mizizi halikarabatiwi siku moja kwa mwaka, linashikwa-shikwa kila mtu anapopita. Likiachwa, mizizi mipya inajiendea inakotaka, sakafu inafunguka, mawe yanadondoka.

La mwisho ni la kwetu watalii: kukanyagwa kupita kiasi. Gome likichubuka utomvu mweupe unatoka, kidonda kinaingia ukungu na kuoza kwa ndani. Kuna sehemu walijaribu kusaidia kwa saruji. Saruji inabana mzizi unaotaka kunenepa, inazuia maji na hewa, na mzizi hauwezi kuungana na jiwe lile.

Mwaka 2019 Ferdinand Ludwig wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich na wenzake walichapisha uchunguzi wa madaraja 74. Mwaka 2022 India iliyaingiza kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wapo pia wenyeji kama Morningstar Khongthaw wa Rangthylliang, aliyeanzisha taasisi ya Living Bridge Foundation ya kuyatunza na kuotesha mapya.

---

Kobe_Mwendopole

Jamani, mama yangu ana miaka zaidi ya 60 na magoti yanamsumbua. Ngazi 3,000 hapana. Hakuna daraja la karibu na barabara?

---

Ngazi_Elfu

Lipo, dada. Mpeleke Riwai, jirani na kijiji cha Mawlynnong, upande wa kuelekea mpaka wa Bangladesh. Kutoka maegesho ni ngazi pana za mawe, dakika 10 hadi 15 za mwendo wa taratibu. Kuna kiingilio kidogo kinacholipwa kwa kijiji. Ubaya wake ni msongamano, hasa mwisho wa wiki, na watu huambiwa wavuke bila kusimama katikati. Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Siku hiyo hiyo unaweza kuunganisha na Dawki, kwenye mto Umngot, ule ambao kiangazi maji yake ni maangavu hadi mtumbwi unaonekana kama unaelea hewani.

Kwa wenye nguvu wanaotaka kukwepa umati: Rangthylliang, upande wa Pynursla. Daraja lake lina urefu wa zaidi ya mita 50, refu kuliko yote yanayojulikana. Chukua kijana wa kijijini akuongoze, njia zina michepuko mingi.

---

Kijana_wa_Kibosho

Kwa magoti, hata vijana wasijidanganye. Anayepanda milima mara nyingi anajua kwamba kupanda kunachosha mapafu lakini kushuka ndiko kunakoharibu goti. Ngazi za Tyrna ni fupi, zimesimama, na hazilingani urefu, kwa hiyo huwezi kupata mdundo. Shuka kwa upande kwenye zile kali, fimbo itangulie chini kabla ya mguu. Pale Tyrna wanakodisha fimbo za mianzi kwa pesa ndogo; chukua mbili, si moja.

Viatu: soli ya mpira laini yenye meno. Sakafu ya daraja la mizizi ikilowa ina ute wa kijani, na soli ngumu ya buti la kazini inateleza hapo kama sabuni. Raba ya zamani iliyolika soli ni hatari kuliko ndala. Mkononi usibebe kitu, kwa sababu kwenye daraja la waya utahitaji mikono yote miwili. Ukiwa na begi zito, wapo vijana wa kubeba. Wanaweka mzigo kwenye tenga la mwanzi lenye mkanda unaopita kwenye utosi. Patana bei kabla ya kuanza, na msijaze begi mawe kisa halibebwi na nyinyi.

---

Mvita_Asilia

Na msimu? Kuna mtu ataenda Julai kwa sababu ndiyo likizo.

---

Ngazi_Elfu

Julai ni katikati ya masika yao. Sohra hupata zaidi ya milimita 11,000 za mvua kwa mwaka. Dar haifiki hata 1,300 mwaka wa kawaida. Rekodi ya dunia ya mvua ya miezi 12 mfululizo ni ya huko huko: milimita 26,461 kuanzia Agosti 1860 hadi Julai 1861. Sehemu kubwa inamwagika Juni hadi Septemba. Msitu unapendeza na maporomoko yana nguvu, lakini ukungu unaweza kukaa siku nzima usione ng'ambo ya daraja, ngazi zinateleza, na mto unaweza kupanda ghafla hata kama hapo ulipo hakunyeshi, kwa sababu imenyesha juu kwenye uwanda. Maji yakibadilika rangi kuwa ya udongo, toka mtoni hapo hapo, nguo utazichukua baadaye.

Ruba nao wamejaa msimu huo. Soksi ndefu juu ya suruali, chumvi au tumbaku kwenye kitambaa. Akishakuganda usimng'oe kwa nguvu. Msukume kwa kucha pembeni mwa mdomo wake aachie.

Oktoba na Novemba ndiyo miezi bora. Mito bado ina maji na anga ni safi. Desemba hadi Februari ni kukavu, madimbwi ya Nongriat yanakuwa ya samawati, ila Sohra usiku kuna baridi kali, bebeni sweta. Machi hadi Mei mvua za radi za alasiri zinaanza.

---

Bi_Tambuu

Wanangu, mmesahau adabu na tumbo.

Ukikaribishwa nyumbani kwa Mkhasi utapewa kwai: popoo mbichi, jani la tambuu na chokaa. Watu wa Unguja na Mombasa mtajihisi kwenu. Ila popoo yao ni mbichi na imevundikwa, inapandisha joto mwilini na kutoa jasho la ghafla. Ambaye hajazoea aanze na kipande kidogo, na asiende kutafuna akiwa katikati ya ngazi. Kukataa kwa upole hakuna ubaya.

Nyama ya nguruwe ni ya kawaida sana. Jadoh ni wali unaopikwa kwa nyama, mara nyingi nguruwe, na hata damu yake. Waislamu semeni mapema, mtapikiwa wali, dengu, mayai na mboga. Nongriat kila kitu kinashushwa kwa mgongo wa mtu, kwa hiyo agizeni chakula cha jioni mara mnapofika, na msishangae soda kuwa ghali kuliko Tyrna.

Wengi wao ni Wakristo, na Jumapili ni siku ya kanisa. Gari ni chache na vijiji vingine havipokei wageni siku hiyo. Shukrani ni "khublei". Uamuzi wa njia, kiingilio na daraja ni wa baraza la kijiji, dorbar shnong. Mkitaka kupiga picha za biashara mkaombe huko, si kwa dereva.

---

FundiChuma

Swali la mwisho kwa Mkuyu. Kwa nini tusioteshe hapa kwetu? Tuna mito Usambara, Uluguru, Rwenzori, na watoto wanazolewa na maji wakienda shule.

---

Mkuyu_Mweusi

Inawezekana sehemu chache, lakini si suluhisho la watoto wa mwaka huu. Wajengewe la waya sasa, huku mche ukikua pembeni.

Shida ya kwanza ni unyevu. Mzizi wa hewani ukikutana na kiangazi cha miezi mitatu, ncha inakauka na kufa kabla haijafika ng'ambo. Maeneo ya kufikiria ni yale yenye mvua karibu mwaka mzima na ukungu, kama Usambara Mashariki. Bondeni kwenye joto kavu usijaribu.

Pili, aina ya mti. Mpira wa India si wa asili kwetu, na mizizi yake hupasua misingi ya nyumba na mabomba, kwa hiyo usipande karibu na makazi. Tunayo jamii yake ya asili. Uganda wana mutuba, Ficus natalensis, ule wa kutengenezea vitambaa vya magome. Unaota kwa kuchomeka kipande cha tawi nene ardhini. Mikuyu yetu ya kunyonga, ile inayouzunguka mti mwingine kwa mizizi, inajua kuungana mizizi yenyewe: nendeni Hifadhi ya Arusha, njia ya kupanda Meru, mkaone ule mti wenye tao ambalo gari linapita chini yake.

Anayetaka kujaribu aanze na kijito cha mita 4 au 5, siyo mto. Panda miche pande zote mbili ili mizizi ikutane katikati. Usielekeze mzizi ulioanza kuwa mgumu, utapasuka gome upande wa nje wa kona. Chagua wa unene wa penseli, uufungie kumbi la nazi lililolowa kwenye ncha, na ufunge kwa kamba ya katani inayooza. Waya au kamba ya nailoni haiachii. Mzizi ukinenepa inaukata kama uzi kwenye siagi. Kagua vifungo kila miezi sita.

---

Kobe_Mwendopole

Asanteni wote. Basi mama ni Riwai. Kuna vyoo pale, au tumalize Mawlynnong?

---

Ngazi_Elfu

Malizeni Mawlynnong, dada, vipo vya kulipia pale maegesho. Na mwambie dereva asubiri, msimlipe yote kabla ya kurudi Shillong.